Swali Liko Ngana, Maabara Iko Morogoro

Mwishoni mwa mwaka 2010 nguruwe walianza kufa mkoani Mbeya, katika ukanda unaopakana na Malawi. Ilikuwa ni homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921: mnyama anapandisha homa kali, masikio na tumbo vinaiva wekundu, na kwa siku chache banda zima limebaki tupu. Dawa yake haipo, na wakati ule chanjo haikuwepo popote duniani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, cha Morogoro, akiwemo Gerald Misinzo, walichunguza vinasaba vya kirusi hicho wakakuta ni cha kundi la pili, kundi lililokuwa limejulikana Msumbiji na Madagaska. Kundi hilo hilo mwaka 2007 lilikuwa limevuka bahari likaingia Georgia, likasambaa Urusi na Ulaya Mashariki, na mwaka 2018 likafika China, ambako makumi ya mamilioni ya nguruwe waliteketea. Kwa maneno mengine, kilichoua nguruwe wa wanakijiji wa kusini mwa Mbeya kilikuwa ndugu wa karibu wa kirusi kilichokuja kutikisa soko la nyama la dunia nzima.

Ugunduzi wa namna hii ni heshima kwa nchi. Unaonyesha kwamba wapo Watanzania wanaoweza kukitambua kirusi, kukilinganisha na vya mataifa mengine na kueleza njia kiliyopitia. Lakini mfugaji wa Ngana, kata ya wilaya ya Kyela iliyo upande wa Mto Songwe, ana haki ya kuuliza: baada ya kirusi kujulikana, mimi nilipata nini? Hoja yangu ni kwamba Tanzania imefanya vema kujenga elimu ya juu ya kilimo na mifugo, ila haijajenga njia ya kulipeleka swali la Ngana hadi Morogoro na kulirudisha jibu likiwa bado na faida. Wengi hulaumu uvivu wa wataalamu au ubishi wa wakulima. Mimi naona kosa liko katika jinsi tulivyoupanga mfumo wenyewe.

Tuanze na kilichojengwa, maana hakikuja kirahisi. Chuo cha kilimo cha Morogoro kilianza mwaka 1965 kikitoa stashahada. Mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipogawanywa, kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Daktari wa mifugo Mtanzania wa miaka hiyo alilazimika kwenda kusomea Kabete, nje kidogo ya Nairobi. Nako Muguga, Kenya, ndiko zilikokuwa maabara za pamoja za Afrika Mashariki. Huko Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka iliyokuja kuufuta ugonjwa huo duniani, jambo lililotangazwa rasmi mwaka 2011. Masomo ya udaktari wa mifugo yalianza Morogoro mwaka 1976, na mwaka mmoja baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Kama tungechelewa, nchi yenye mamilioni ya ng'ombe ingebaki bila pa kuwasomesha madaktari wao. Mwaka 1984 SUA ikawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali Aprili mwaka huo huo, karibu na Morogoro.

Sasa tazama jinsi kazi ilivyogawanywa. Kufundisha kuko SUA, chini ya wizara ya elimu. Utafiti wa mazao uko TARI, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, chini ya wizara ya kilimo. Utafiti wa mifugo uko TALIRI, na maabara za kutambua magonjwa ziko TVLA, zote chini ya wizara ya mifugo. Bwana shamba na bwana mifugo wa kata ni watumishi wa halmashauri, ambayo iko chini ya TAMISEMI, yaani tawala za mikoa na serikali za mitaa. Kila nyumba ina bajeti yake, mkubwa wake na ripoti yake. Marekani, ilipoanzisha vyuo vyake vya kilimo kwa sheria ya mwaka 1862, iliongeza vituo vya majaribio mwaka 1887 na huduma ya ugani mwaka 1914, na vyote vitatu vikaunganishwa na chuo kile kile cha jimbo. Mwalimu, mtafiti na afisa ugani wakawa watu wa nyumba moja. Sisemi tuige kila kitu. Nasema kwamba kwetu afisa ugani wa Ngana hana sababu yoyote ya kikazi ya kumpigia simu profesa, na profesa hapandi cheo kwa kujibu swali la Ngana. Anapanda kwa makala zilizochapishwa katika majarida ya kimataifa, na majarida hayo hayasomwi Kyela.

Mpunga unaonyesha vizuri gharama ya utengano huu. Mchele wa Kyela unajulikana nchi nzima kwa harufu yake, kiasi kwamba wapo wafanyabiashara wanaouita mchele wa kwingine kwa jina hilo ili wauze. Lakini mbegu za asili zinazoleta harufu hiyo ni ndefu, huchukua muda mrefu kukomaa, na ukizitia mbolea nyingi ya chumvichumvi zinalala. Mahali pasipo na umwagiliaji mkulima huvuna karibu tani 1 hadi 2 kwa hekta. Utafiti wa taifa ulijibu tatizo la mavuno mwaka 2002 kwa mbegu ya TXD 306, maarufu kama SARO 5: fupi, yenye machipukizi mengi, inayostahimili mbolea, na katika skimu zenye maji ya uhakika hutoa tani kadhaa zaidi. Kwa wengi imekuwa neema. Ila harufu yake ni ya wastani, nayo hudai maji yanayoweza kufunguliwa na kufungwa, ilhali katika bonde la Kyela, linalopata mvua kubwa mno na kupitiwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, maji huja yenyewe na mara nyingine huja kupita kiasi. Mpunga mfupi ukifunikwa na mafuriko umekwenda; mrefu huinua kichwa. Mkulima anayeshikilia mbegu ya bibi yake amepiga hesabu ya bei, ya mafuriko na ya gharama ya mbolea. Kumwita mbishi ni kukataa kusoma hesabu hiyo.

Kama swali lingeanzia Kyela, lingekuwa tofauti. Mtu wa Kyela asingeuliza mbegu ipi inazaa kuliko zote nchini. Angeuliza: je, mpunga huu wetu unaweza kufupishwa kidogo na kuwahishwa, harufu ikabaki? Sayansi ya kulijibu ipo. Tangu mwaka 2005 inajulikana kwamba harufu ya mpunga hutokana na hitilafu katika kinasaba kimoja, hivyo mtafiti anaweza kuipima harufu katika jani la mche mchanga bila kungoja wali upikwe. Zanzibar, watafiti wa Kizimbani waliichukua mbegu ya Supa, inayopendwa na walaji, wakaitumia mionzi hadi wakapata SUPA BC, inayozaa zaidi bila kuipoteza ladha. Na kuna kimyanga, ugonjwa wa virusi unaogeuza majani ya mpunga kuwa ya njano, ulioonekana kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1966 na sasa unasumbua maeneo mengi ya mpunga Tanzania. Huenezwa na wadudu, na hata na mikono na zana za mpaliliaji. Kuuzuia kunataka mbegu yenye ukinzani, lakini kunataka pia mtu anayeyajua majaruba yale na namna majirani wanavyosaidiana kupalilia.

Utasema kwamba Kyela haiko mbali na watafiti, kwani TARI Uyole iko Mbeya, mkoa ule ule. Ni kweli, na Uyole ina historia nzuri, hasa katika maharage, ambako mbegu kama Njano Uyole zimeenea hadi nje ya kanda. Lakini Uyole iko karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ufuko wa Kyela kwenye Ziwa Nyasa hauzidi sana meta 470. Ni safari ya saa chache kwa basi kupitia Tukuyu, na ndani yake unatoka kwenye viazi na pareto unaingia kwenye kakao, michikichi na mpunga. Wadudu, magonjwa na msimu vyote vinabadilika njiani. Kwa kakao jambo hili ni zito zaidi, maana Kyela ndiyo inayoongoza Tanzania kwa zao hilo. Ubora wa kakao huamuliwa kwa sehemu kubwa baada ya kuchuma, katika zile siku tano au sita za kuvundika punje kabla ya kuzianika. Kuvundika huko hutegemea joto na unyevu wa mahali pale pale, na hakuna maabara ya nyanda za baridi inayoweza kuviiga kikamilifu.

Hoja nzito dhidi yangu ni ya fedha. Maabara nzuri ni ghali, na nchi isiyo tajiri haiwezi kuzitawanya kila kata. Afadhali mashine moja inayofanya kazi Morogoro kuliko kumi mbovu vijijini. Nakubali kabisa. Lakini mashine si kitu ninachotaka kihamishwe. SACIDS, kituo cha magonjwa ya kuambukiza chenye makao yake SUA, kilitengeneza programu ya simu iitwayo AfyaData, ambayo mtu wa kijijini huitumia kutoa taarifa ya ugonjwa wa watu au wa mifugo mara anapouona. Hapo maabara imebaki mahali pake na macho yamekwenda kijijini. Hata fedha si kisingizio kama zamani: bajeti ya kilimo ilitoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23, na maafisa ugani wakagawiwa pikipiki. Pikipiki ni jambo jema. Ila afisa aliyepanda pikipiki bila jibu jipya mkononi anafika haraka zaidi na ushauri ule ule wa mwaka juzi.

Wengine watahofu kwamba mtafiti akimfuata mkulima ataishia kuwa mfanyakazi wa miradi midogo, sayansi isahaulike. Hofu hiyo ina jibu mashariki mwa Ziwa Nyasa hili hili. Mwishoni mwa miaka ya 1990, SUA na Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani walikwenda kwa Wamatengo wa Mbinga, wakulima mashuhuri wa ngolo, yale mashimo ya mlimani yanayozuia udongo usiondoke na mvua. Waliuchunguza kwanza ujuzi wa wenyeji kwa makini, wakauchukulia kuwa ni elimu kamili. Wanakijiji wa Kindimba walipoulizwa wanachotaka, hawakutaja mbegu wala mbolea. Walitaja mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji. Ikajengwa, na kutoka hapo yakafuata mambo ya kulinda vyanzo vya maji, miti na mabwawa ya samaki. Watafiti walipata maandiko yao ya kisayansi, tena mazuri, kwa sababu waliujua mlima ule kwa undani ambao dodoso la wiki moja haliwezi kuutoa.

Yupo pia atakayesema kwamba mtu wa Ngana anahitaji barabara na bei kabla ya profesa. Bei ni kweli, lakini nayo ni sehemu ya elimu ninayoizungumzia. Turudi kwa nguruwe. Homa ya nguruwe huenea kwa damu, nyama, makombo ya jikoni, viatu na magari, na zaidi kwa haraka ya mtu kuuza. Mfugaji akiona mmoja kafa, huwahi kuwachinja au kuwauza waliobaki kabla hawajafa, na hivyo ndivyo kirusi kinavyosafiri. Karantini inapotangazwa, yeye ndiye anayebeba hasara yote. Daktari aliyefundishwa kirusi tu atamlaumu. Aliyefundishwa pia uchumi wa kaya yenye nguruwe watatu ataona kwamba bila fidia, au angalau namna ya kuuza kwa usalama mapema, amri ya karantini itakwepwa usiku. Na mpaka wenyewe na Malawi ni mto. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga, Malawi, wanaelewana kwa lugha, wanaoana na kufanya biashara. Ugonjwa ukiwa upande mmoja, upande wa pili ni suala la siku tu. Uchunguzi unaoishia ukingoni mwa Songwe unaona nusu ya jambo.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni kidogo na kinawezekana. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kilimo na wa udaktari wa mifugo wakae msimu mzima, tangu kupanda hadi kuvuna, katika kata chache zilizochaguliwa, Ngana ikiwa mojawapo, wakifanya kazi na bwana shamba na bwana mifugo waliopo. Maswali wanayoyakusanya yaingie katika orodha ya mada za uzamili na uzamivu, na mwanafunzi anayechagua mojawapo apate ufadhili kwanza. Tasnifu yake iwe na sura moja ya Kiswahili, nayo isomwe katika mkutano wa kijiji kabla ya kutahiniwa Morogoro, ili walioishi na tatizo wamsahihishe alipokosea. Mwalimu anayesimamia kazi hiyo ahesabiwe pointi za kupanda cheo kama anavyohesabiwa kwa makala. Na vyuo vya Tanzania na Malawi vikubaliane kubadilishana taarifa za magonjwa ya mifugo ya bonde la Songwe ndani ya saa 24, maana wachuuzi wa nguruwe huvuka mto huo bila kungoja barua ya wizara yoyote.