Nyani wa Mbulu na Moyo wa Binadamu

Mkulima wa Daudi, huko Mbulu, hana sababu ya kumpenda nyani. Mahindi yakikomaa, shamba halina budi kulindwa kutwa nzima, na bado wezi hao hupata fungu lao. Hata hivyo mnyama huyo ana sehemu yake katika jambo kubwa la utabibu wa zama zetu, nalo ni kumtoa mtu moyo uliochoka na kumtia mwingine. Tumeona yafaa tulieleze jambo hilo, kwani linawahusu wasomaji wetu wa visiwani na wakuu wa serikali zaidi ya inavyodhaniwa.

Shida haimo katika kisu. Christiaan Barnard alipompandikizia Louis Washkansky moyo mjini Cape Town tarehe 3 Desemba 1967, mishipa iliungwa barabara na moyo ukapiga. Mgonjwa alifariki baada ya siku 18 kwa homa ya mapafu, kwa kuwa dawa alizopewa ili mwili usiukatae moyo mgeni zilikuwa zimemnyang'anya silaha za kupigana na vijidudu. Mwili una askari wake, chembe nyeupe za damu na kingamwili, nao hawamwulizi mgeni kama amekuja kwa heri au kwa shari.

Tabia ya askari hao ilijulikana kwa wanyama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Peter Medawar wa Uingereza alibandika sungura ngozi za sungura wengine, akaona kwamba ngozi ya pili kutoka kwa sungura yule yule hukataliwa upesi kuliko ya kwanza. Maana yake ni kwamba mwili hukumbuka. Baadaye ikawa zamu ya panya. Mtafiti humtia panya moyo wa pili tumboni, ule wa asili ukiachwa uendelee na kazi, kisha kila siku huligusa tumbo kwa kidole. Siku mapigo yanapokoma, moyo umekataliwa.

Ni kwa panya vilevile Jean-François Borel, huko Uswisi, alipoonyesha mwaka 1972 nguvu ya siklosporini, dawa itokanayo na kuvu wa udongo wa Norwe, ambayo huwatuliza askari hao bila kuwaangamiza. Ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1983, kazi ya kupandikiza mioyo, iliyokuwa imeachwa na hospitali nyingi, ikafufuka. (Watu wa Mbulu wanawajua Wanorwe kwa hospitali ya Haydom waliyoianzisha mwaka 1955, wajue sasa kwamba hata udongo wao umetibu.)

Mioyo ya marehemu haitoshi, ndiyo maana wataalamu wakamgeukia nguruwe, ambaye moyo wake unakaribiana na wetu kwa ukubwa. Lakini chembe za nguruwe zina sukari fulani ambayo binadamu hana, na kingamwili zetu huweza kuuharibu moyo huo kwa dakika au saa chache. Panya anayo sukari hiyo. Nyani, kama sisi, hana. Swali hili basi halikuweza kujibiwa na panya, akaitwa nyani. Mwaka 2016 Muhammad Mohiuddin na wenzake huko Marekani walitangaza kwamba moyo wa nguruwe aliyebadilishwa chembe za urithi ulidumu siku 945 tumboni mwa nyani. Mwaka 2018 wataalamu wa Munich walieleza jinsi nyani alivyoishi siku 195 kwa moyo wa nguruwe pekee.

Januari 2022 ikafika zamu ya mtu, David Bennett, mjini Baltimore. Aliishi miezi miwili. Katika moyo ule kilionekana kirusi cha nguruwe, na wataalamu wanaona kwamba huenda kilichangia kifo chake. La kusikitisha ni kwamba nyani walikuwa wamekwisha kutoa onyo: waliopata mioyo yenye kirusi hicho waliishi muda mfupi. Kipimo alichofanyiwa nguruwe yule hakikukigundua.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba watauliza juu ya nguruwe. Ni swali la haki, na Mohiuddin mwenyewe ni Mwislamu mzaliwa wa Pakistan. Wanachuoni wa fikihi waliokutana Jeddah mwaka 1988 waliruhusu kupandikiza viungo kwa masharti. Habari ya nguruwe huzungumzwa katika mlango wa dharura, na sisi si wenye kutoa fatwa. Tunaloomba ni kwamba wanachuoni wetu walijadili mapema, kabla hajalazwa mgonjwa anayelingoja jibu.

Kwa wakuu wa serikali tuna neno jingine. Nyani akithaminiwa na maabara, hatakosekana mtu wa kumnasa na kumwuza. Mwaka 2016 tumbili 61 walizuiwa katika Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro wakipelekwa Albania. Kenya inayo Taasisi ya Utafiti wa Nyani tangu mwaka 1960, na sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Atakayewataka nyani wetu kwa utafiti na aje aufanyie hapa, mbele ya mkaguzi mwenye mamlaka ya kuusimamisha, na vijana wa vyuo vyetu wakiwa watafiti wenzake, si wabeba vizimba.