Je, Wajua? Sumaku Inayopima Saratani kwa Milimita

Je, wajua kuwa mashine ya MRI haina hata chembe ya eksirei? Ni sumaku! Ile ya kawaida hospitalini ina nguvu ya tesla 1.5, mara 30,000 hivi ya sumaku ya dunia hii tunayoikanyaga. Na haizimwi usiku: wagonjwa wameondoka, taa zimezimwa, yenyewe iko macho, tayari kunyakua ndoo ya chuma ya mfagizi.

Na wajua inapiga picha ya nini? Maji yako na mafuta yako. Haidrojeni iliyomo humo ikitikiswa na mawimbi ya redio huitikia, na kompyuta inachora.

Wewe umelala na joto lako la nyuzi 37. Ndani ya ukuta wa mashine, karibu yako kabisa, kuna kimiminika cha heliamu chenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri!

Tarehe 3 Julai 1977, huko New York, Raymond Damadian alipiga picha ya namna hiyo ya kifua cha msaidizi wake. Picha moja tu ilichukua karibu saa 5!

Sasa sogea karibu, tuone MRI inavyopima saratani ya puru. Puru, kile kipande cha mwisho cha utumbo mpana, ina urefu wa sentimita 15 hivi tu. (Ukiona damu chooni usijiambie ni bawasiri tu, nenda ukapimwe.) Imezungukwa na mafuta, na mafuta yamefungwa na utando mwembamba. Kwenye picha mafuta hung'aa meupe, uvimbe wa saratani ni kijivu, na ule utando ni mstari mweusi kama wa kalamu iliyochongwa vizuri. Macho yote ya daktari yako hapo: je, kijivu kimeufikia mstari?

Uvimbe ukiwa milimita 1 au pungufu kutoka kwenye mstari huo, mara nyingi mgonjwa huanza na mionzi na dawa ili unywee kabla ya kisu. Milimita moja! Chukua kadi yako ya benki uitazame ukingoni: ni milimita 0.76.

Wajua kwa nini mstari huo una thamani hivyo? Mwaka 1982 Bill Heald, daktari wa upasuaji wa Basingstoke, Uingereza, alieleza namna ya kutoa puru pamoja na mafuta yake yote yakiwa bado ndani ya utando huo, kama mzigo usiofunguliwa njiani. Saratani kurudi palepale kukapungua sana.

Kisha ukaja utafiti wa MERCURY, katika nchi 4 za Ulaya. Watafiti walipima kwenye picha uvimbe umepenya kiasi gani nje ya ukuta wa puru, wakafanya upasuaji, wakapima tena kwa hadubini. Vipimo vikalingana ndani ya nusu milimita! Na picha zilipigwa mwili ukiwa haujaguswa na wembe bado.

Utumbo nao hautulii wakati wa kupigwa picha, ndiyo maana wagonjwa wengine huchomwa sindano ya kuutuliza kwanza, picha isije ikafifia.

La mwisho, nalipenda kuliko yote. Huko São Paulo, Brazil, Angelita Habr-Gama aliona baadhi ya uvimbe ukitoweka kabisa kwa mionzi na dawa. Badala ya kuwapasua wagonjwa hao, akawafuatilia kwa karibu. Matokeo aliyatangaza mwaka 2004. Leo MRI husaidia kuwachunguza watu kama hao. Pale palipokuwa na kijivu, pamebaki kovu jeusi, jembamba.