Gunia la mchele peke yake halitoshi, ndugu msafiri

KATI ya Aprili 2009 na Mei 2010, wanajeshi 241 wa kikosi cha Umoja wa Afrika mjini Mogadishu walivimba miguu. Wengine walihema kwa shida, moyo umelegea. Wasiopungua 52 walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali za Kenya na Uganda, na wapo waliofariki.

Madaktari walishuku maambukizi, wakashuku sumu. Vipimo havikuonyesha kitu. Kumbe ilikuwa beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini B1. Walionaswa zaidi ni wale waliokula posho ya kambini pekee, bila kuonja chakula cha wenyeji. Walipopewa vitamini hiyo, walipata nafuu upesi.

Kitu kidogo hivyo kina kazi gani? Mwilini mna vimeng'enya, yaani vichocheo vinavyoharakisha mabadiliko ya kikemia. Baadhi ni kama kufuli: bila ufunguo havifanyi kazi. B1 ndiyo hutengeneza ufunguo huo. Ikikosekana, wanga hauwezi kugeuzwa nguvu ipasavyo, na moyo usiopumzika huumia. Damu ya askari 16 ilipopimwa, kimeng'enya kimoja kilionekana kuwa na njaa ya B1.

Hata maabara zimeiga siri hii. Tangu 1986 wanakemia wameweza kutengeneza kingamwili, askari wa damu, zinazofanya kazi ya vichocheo. Baadhi hutegemea kisaidizi kitokanacho na vitamini B6.

Sasa turudi Kismayu. Anayerejea kutoka Dadaab, au mfanyabiashara anayepakia chombo kwenda Chula, Koyama au Chovai, hupenda mchele mweupe, unga laini, pasta na sukari kwa kuwa haviharibiki upesi. Lakini mashine inayokoboa mchele huondoa ganda pamoja na B1, na kuuosha mara nyingi hupunguza hata iliyobaki. Akiba ya mwili nayo haipiti wiki chache.

Dawa yake haina gharama kubwa. Kando ya gunia la mchele, weka kunde, choroko au maharagwe, na karanga kidogo. Mtama usiokobolewa pia unafaa. Ukifika, kula na wenyeji.

Na miguu ikivimba, usikae nyumbani ukikisia. Uvimbe una sababu nyingi. Nenda kwa daktari, umwambie pia ulichokuwa ukila.