Kima Punju na Tondo

Wanyama hawa wawili hawafanani hata kidogo. Kima punju ana manyoya mekundu mgongoni na mkia mrefu. Tondo ni konokono wa baharini, aishiye katika matope ya pwani. Lakini wote wawili hula majani ya mti mmoja, yaani mkoko.

Twende Unguja, kwenye mikoko ya kisiwa cha Uzi. Maji yametoka. Tazama juu. Kima wamekaa matawini wakichuma majani mabichi. Kima huyu hana kidole gumba mkononi, lakini haanguki! Tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe, kwa hiyo majani magumu hayamshindi. Majani ya mkoko yana chumvi. Basi kima wa mikokoni hunywa maji mara kwa mara.

Sasa tazama chini. Tondo anangoja jani lianguke. Ulimi wake una meno madogo sana, hukwangua kama tupa. Jani likianza kuliwa, harufu yake huwaita wengine. Utaona tondo wengi wamelizunguka jani moja. Wachanga hawali majani, bali hula vitu laini vilivyomo matopeni. Kazi ya tondo ina faida. Jani ambalo lingechukuliwa na maji hubaki pale pale, na mabaki yake huliwa na viumbe vidogo.

Neno punju lina maana ya sumu. Wazee wengi waliamini kwamba mti anaoulia kima hufa. Wakulima nao walimlaumu kwa kula vidaka vya nazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba karibu na Jozani mavuno ya nazi hayakupungua kwa sababu yake.

Watu hukata mikoko kwa boriti, kuni na kuchomea chokaa. Mikoko ikiisha, wote wawili hukosa chakula. Hata hivyo hasara yao si sawa. Tondo wako pwani nyingi, kutoka Afrika hadi Australia. Kima punju yuko Zanzibar tu, duniani kote hakuna kwingine. Jike huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka miwili au zaidi kabla ya kuzaa tena. Katika miaka ya 2010 watafiti waliwahesabu wakapata kima kama 5,800. Baadhi yao walikuwa nje ya hifadhi, katika mashamba na mikoko ya wanavijiji.