Je, Kuhasi Mbwa ni Kinyume cha Mafundisho ya Kanisa?



Kwa familia nyingi za Susuni na Tarime kwa ujumla, mbwa ni mlinzi wa boma na mwenzi wa mchungaji malishoni. Hata hivyo, jike mmoja huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa hubeba mimba kwa takribani siku 63 tu. Watoto wakizidi uwezo wa nyumba, baadhi hutupwa kando ya njia, wafe kwa njaa au wazurure wakitafuta mizoga. Ndiyo maana wataalamu wa mifugo hushauri mbwa wahasiwe: dume aondolewe korodani, na jike aondolewe viungo vya uzazi, akiwa amechomwa sindano ya usingizi. Hapa mwamini anaweza kujiuliza: Je, Kanisa linalokataza binadamu kufungwa uzazi laweza kuruhusu jambo hili?

Ndiyo, laweza. Mafundisho ya Papa Paulo VI katika Waraka wa Humanae Vitae, wa mwaka 1968, yanahusu tendo la ndoa la mume na mke, watu walioumbwa kwa sura na mfano wa Mungu na kuitwa kushirikiana na Muumba kwa hiari na kwa upendo. Mnyama hana wito huo. Wafugaji wetu huhasi madume ya ng'ombe wapate maksai wa kuvuta plau, wala hakuna anayewahesabia kosa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2415 hadi 2418, inafundisha kwamba mamlaka ya binadamu juu ya wanyama yana mipaka, na kwamba kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu mwenyewe. Basi anayemhasi mbwa kwa mikono ya mtaalamu hatendi dhambi. Anayefunga watoto wa mbwa ndani ya gunia na kuwatupa ndiye anayepaswa kuichunguza dhamiri yake.

Jambo hili linagusa pia uhai wa watoto wetu. Inakadiriwa kwamba kichaa cha mbwa huua watu 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu huua karibu kila mara. Utafiti wa miaka mingi katika wilaya jirani ya Serengeti umeonyesha kwamba mbwa wa vijijini ndio wanaoudumisha, na kwamba kuwachanja huwaokoa watu. Lengo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote. Lakini mbwa waliochanjwa hufa, na watoto huzaliwa bila kinga, hata kiwango kikashuka kabla ya kampeni nyingine. Kuwaua mbwa ovyo hakusaidii, kwa maana waliochanjwa huuawa pia, na nafasi yao huchukuliwa na wasiochanjwa. Kuhasi hakuondoi haja ya chanjo, bali huisaidia kinga ya kijiji idumu.

Katekisimu hiyohiyo inatuonya tusiwatumilie wanyama fedha inayopaswa kwanza kupunguza taabu za watu. Kwa hiyo, kama fedha haitoshi, chanjo itangulie. Jike akiwa kwenye joto, na afungiwe ndani kwa takribani majuma matatu. Anayehitaji mlinzi, na amchukue mtoto wa mbwa aliyekosa mwenyewe, amlishe, ampe maji na kumchanja. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo nazo zaweza kuchangishana na kumwita mtaalamu wa mifugo kwa siku moja, badala ya kila nyumba kubeba gharama peke yake.

Na mtu aking'atwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, asisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Tarehe 4 Oktoba tunamkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Kabla ya siku hizo kufika, kila jumuiya na ihesabu mbwa wake: wangapi wamechanjwa, wangapi bado, na ni majike gani wahasiwe. Mungu awabariki.