Usiufyeke Mpapai Dume

Mpapai unaoning'iniza mikia ya maua bila kuzaa huwa hauchukuliwi kwa upole. Kwanza unapigiliwa msumari, eti ushtuke uwe jike. Usipozaa, panga. Mwenye shamba akishamaliza kufyeka madume yote, msimu unaofuata analalamika kwamba majike nayo yanapukutisha maua.

Tazama maua yenyewe. Ya dume ni membamba, yamejazana kwenye vikonyo virefu, na kila moja lina stameni 10 zenye chavua. Ua la jike ni nene na limebanana na shina. Lipasue kwa wembe: ndani utakuta ovari yenye vijiyai vyeupe vingi, na juu yake stigma iliyochanikachanika kama ncha za ukindu. Chembe ya chavua ikinasa hapo huchipuza mrija mwembamba unaoshuka mpaka kwenye kijiyai na kukirutubisha. Kijiyai hugeuka mbegu. Ovari hunenepa ikawa papai.

Chavua hiyo inafikaje? Wengi tungewataja nyuki. Lakini utafiti uliofanywa Kenya ulionyesha kuwa wachavushaji wakubwa wa mipapai ni nondo wenye mrija mrefu wa kunyonyea, wanaoruka wakati wa magharibi. Wanafuata nekta ya maua ya dume. Ua la jike halina nekta. Linawalaghai kwa weupe na harufu. Nondo akija huambulia patupu, ila chavua ameshaiacha. Mkulima anayepulizia dawa ya wadudu jioni, au anayefyeka kila kichaka ambamo viwavi wa nondo hao hukulia, anajinyima mapapai.

Ipo pia mipapai huntha, ambayo maua yake yana stameni na ovari kwa pamoja, na hujichavusha. Matunda yake huwa marefu. Ya jike huwa ya mviringo zaidi. Mbegu za huntha aliyejichavusha huota huntha wawili kwa jike mmoja, bila dume. Za jike lililochavushwa na dume hugawanyika nusu kwa nusu. Urithi huu ulielezwa mwaka 1938 na Hofmeyr wa Afrika Kusini na Storey wa Hawaii.

Na msumari? Haubadilishi chochote. Baadhi ya madume huzaa vipapai vichache hali ya hewa inapobadilika, basi sifa zote zikaenda kwa msumari.

Miche haionyeshi jinsia mpaka ichanue, miezi kadhaa baada ya kupandwa. Kama mbegu zako ni za jike na dume, panda miche mitatu au minne kwa shimo, subiri maua, kisha bakiza mmoja. Katika kila majike 10 hadi 15, acha dume mmoja asimame.