Sahani Ndogo za Santuri na Ushairi wa Mwambao

Ras Kitau ni ncha ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela, ng'ambo ya mkondo wa bahari wa Lamu. Mahali kama hapa si rafiki wa santuri. Joto hupinda sahani, na unyevu huotesha ukungu juu ya lebo hata maandishi yasisomeke. Hata hivyo, sahani ndogo za zamani zingali na wapenzi wanaozitafuta na kuzitunza. Je, mvuto wake ni nini, na unamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili?

Siti binti Saad aliporekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya HMV, sahani za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua kiasi cha dakika tatu tu. Mwaka 1949 kampuni ya RCA Victor ya Marekani ilitoa sahani ya inchi 7 yenye mizunguko 45. Umbo hilo lilienea baadaye Afrika Mashariki. Mjini Mombasa, duka la Assanand lilitoa taarabu kwa lebo ya Mzuri, na miongoni mwa waimbaji wa enzi hiyo alikuwa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na bingwa wa udi, aliyefariki mwaka 2016.

Mvuto wa kwanza ni ufupi wenyewe. Katika harusi, mwimbaji aweza kurudia kibwagizo atakavyo na kuacha ala zijibizane. Mbele ya sahani hana nafasi hiyo. Hana budi kuchagua beti chache, au kuugawa wimbo sehemu mbili, moja kila upande. Kaseti ilipoingia, ikawezekana kurekodi shughuli nzima. Kaseti, basi, hutuonyesha hadhira. Sahani hutuonyesha uteuzi.

Mvuto wa pili ni sauti. Kiamu na Kimvita hutofautisha t ya meno na t ya ufizi, ilhali tahajia sanifu huziandika kwa herufi moja. Tofauti hiyo, isiyoonekana katika diwani, husikika sindano inapoteremshwa.

Mvuto wa tatu umo katika lebo. Jina la mwimbaji, la kampuni na nambari ya sahani humsaidia mtafiti kupanga kazi kwa utaratibu. Lakini lebo ikimtaja mwimbaji pekee, mtunzi husahaulika. Juma Bhalo aliimba mashairi mengi ya binamu yake, Ahmad Nassir, mwandishi wa Malenga wa Mvita. Huyu tunamjua kwa kuwa alichapisha diwani. Wasiochapisha watajulikana vipi, ikiwa wazee waliowafahamu wanatutoka?

Ni dhahiri, basi, kwamba ukusanyaji wa sahani si pumbao la wenye nafasi. Sahani isimamishwe wima mbali na jua, lebo yake inakiliwe kabla haijafutika, na jina la mtunzi liulizwe mapema. Sahani yenyewe yaweza kunakiliwa kwa kompyuta wakati wowote ingali nzima. Kumbukumbu ya mzee haina upande wa pili wa kugeuza. Wanafunzi wa ushairi wanaokwenda Lamu kutafuta miswada wasisahau kuuliza pia habari za sahani.